Kijiji kizima kina akaunti, noti hakuna: kisa cha wakala wa mwambao wa Kigoma

#1 Wakala wa Mwambao
Wakuu salaam.

Nina kibanda cha uwakala kwenye kijiji kimoja mwambao wa kusini, wilaya ya Uvinza. Ukija kwa boti unauona mwavuli wangu kabla hujashuka. Nina laini za mitandao mitatu na mashine moja ya benki.

Wiki iliyopita kaja kijana wa semina, fulana mpya, akatukalisha chini ya mwembe na kutuambia vijiji vyetu "havijafikiwa na huduma za kibenki". Nikamuuliza, ni nani hasa hajafikiwa? Mama muuza maandazi ana laini ya pesa. Wenye vipe (vyombo vya kuvulia dagaa) wana akaunti. Bibi wa TASAF, anayelipwa ruzuku ya kaya maskini, ana akaunti. Shida yangu mimi ni nyingine kabisa: watu wana pesa kwenye simu na mimi sina noti za kuwapa.

Giza la mwezi huu dagaa wametoka vizuri. Siku hizi wanunuzi wengine hata hawashuki mwaloni, wanatuma tu kwa simu. Mwenye kipe analipwa saa 12 asubuhi, saa 1 yuko kwangu na vijana wake wote, kila mmoja anataka chake mkononi. Ikifika saa 3 droo imebaki na sarafu na noti moja ya elfu moja iliyochanika katikati. Kwenye simu nina salio mpaka naona aibu kuliangalia. Kuligeuza liwe noti ni mpaka nipande boti niende mjini, nilale, nirudi na furushi tumboni huku namuomba Mungu tusikutane ziwani na wale jamaa wanaopora injini.

Sasa nakiri mbele yenu. Naongeza juu ya makato halali: elfu moja kwa kila laki. Je, mimi ni mwizi, au hiyo ni nauli ya noti?

#2 Debe Tupu
Mwizi. Uzi ufungwe.

#3 Mgebuka Mkavu
Hahaha Debe Tupu kashasoma hukumu, hata mashahidi hajawaita. Nimekaa mbele kabisa na kahawa yangu.

#4 Kijana wa Katubuka
Mkuu, mbona unajitesa? Floti (salio la wakala kwenye simu) ikiisha unampigia wakala mkuu, anakurushia, dakika moja tu. Mimi niko hapa mjini, sijawahi kufunga kibanda kwa ajili ya floti.

#5 Wakala wa Mwambao
#4 mdogo wangu, soma tena. Floti ninayo ya kumwaga. Kilichoisha ni KESHI. Floti inarushwa, noti hairushwi, noti inapanda boti.

#6 Ngoma ya Kasulu
Hapa ndipo watu wa mijini wanapochanganya mambo. Wakala ana mifuko miwili, wa simu na wa droo, na kila muamala unatoa huku unajaza kule. Mteja akitoa, droo inapungua na simu inajaa. Akiweka, kinyume chake.

Kwetu Kasulu mambo ni kichwa chini miguu juu ukilinganisha na ziwani. Siku ya gulio wanunuzi wa maharage wanakuja na noti zao mfukoni, wananunua kwa noti, na jioni mkulima anakuja kwangu kuweka au kumtumia mtoto ada. Kwangu inaisha floti. Nabaki na droo imejaa noti usiku, na usingizi sipati.

Kwa hiyo mleta mada anaumwa ugonjwa mmoja na mimi naumwa mwingine, na dawa tunayopewa ni ileile: "fungueni akaunti".

#7 Debe Tupu
Basi #1 na #6 oaneni. Mmoja ana noti nyingi, mwingine ana floti nyingi. Ndoa hiyo.

#8 Ngoma ya Kasulu
Debe, kutoka Kasulu mpaka mwambao wa kusini unapajua wewe? Mahari yote itaishia kwenye nauli.

#9 Afisa Mstaafu
Habari zenu vijana. Nilifanya kazi benki kanda ya magharibi kwa miaka mingi, niruhusuni maneno machache.

Tatizo hili la noti halikuanza na simu. Kazi ngumu kuliko zote kwenye tawi la wilayani ilikuwa kusafirisha fedha. Msimu wa mazao ukikaribia mnaandika maombi, mnasubiri gari, mnasubiri polisi wa kusindikiza, na wakulima wamelala nje ya tawi. Wengine walikuwa wanapika hapohapo. Niliwahi kumkuta mzee mmoja amening'iniza chandarua chake kwenye mti wa mbele ya benki. Sasa mzigo ule ambao tuliubeba na gari na bunduki, amebebeshwa kijana mmoja mwenye mwavuli na furushi tumboni. Hiyo elfu moja yake mimi siiiti wizi. Ila utaratibu hauiruhusu, na siku akifika mkaguzi, maelezo haya hayatamsaidia.

#10 Reli ya Kati
Mzee umegusa penyewe. Zamani benki ya NBC ilikuwa kila kijiji, mkulima anaheshimika. Wazungu wakaja 1997 wakaiua, ndio tukabaki yatima.

#11 Afisa Mstaafu
Reli ya Kati, hapana. Kila kijiji haikuwahi kuwa. NBC ilizaliwa 1967 baada ya Azimio la Arusha, benki binafsi zilipotaifishwa, na kweli ilifika wilaya nyingi. 1997 haikuuawa, iligawanywa: ikapatikana NBC mpya, ikapatikana NMB ambayo ndiyo ilirithi sehemu kubwa ya matawi ya wilayani, na kampuni ya tatu ya kushika mali zilizobaki. Wageni walikuja baadaye. NBC mpya waliichukua ABSA wa Afrika Kusini mwaka 2000, na kundi lililoongozwa na Rabobank wa Uholanzi likachukua asilimia 49 ya NMB mwaka 2005.

Na tuseme ukweli wote. Ile NBC mnayoililia ilikopesha vyama na mashirika ambayo hayakulipa. Mkulima wa kawaida alikuwa anaweka pale, kukopeshwa alikuwa hakopeshwi.

#12 Reli ya Kati
Shikamoo mzee. Nimerekebishika.

#13 Mgebuka Mkavu
Halafu watu hawajui kuwa ile R kwenye jina la benki ya CRDB ni ya vijijini.

#14 Afisa Mstaafu
Marahaba. Ndiyo, Mgebuka. Ilianza 1971 kama TRDB, benki ya maendeleo vijijini, 1984 ikawa CRDB na ushirika ukaingia kwenye jina, ikabinafsishwa 1996. Siku hizi herufi zimebaki kama jina la mtoto aliyepewa la babu yake.

#15 Ngoma ya Kasulu
Na 2012 ikavuka ikaenda Burundi. Waha tuliona wivu kidogo, wajomba wa Bujumbura wamefunguliwa tawi.

#16 Takwimu Baridi
Naleta takwimu kidogo maana uzi unaenda kwa hisia. Utafiti wa FinScope wa 2023 ulisema asilimia 76 ya watu wazima Tanzania wanatumia huduma rasmi za fedha, kutoka 65 mwaka 2017. Kwa hiyo mleta mada yuko sahihi, watu wamefikiwa. Hoja imekwisha.

#17 Bwana Belo
Haijaisha. Kwenye utafiti huohuo tafuta wanaotumia BENKI, utakuta kama asilimia 22. Wengine wote ni simu. Mtu ambaye kazi yake ni kupokea elfu ishirini kutoka kwa mwanawe Dar na kuitoa hapohapo amehesabiwa "amefikiwa" sawasawa na mwenye duka la vifaa Mwanga, Kigoma mjini. Kupitiwa na pesa sio kuwa na benki. Hata bomba linapitiwa na maji.

#18 Takwimu Baridi
Sawa, hilo la bomba nimelipenda. Lakini kabla ya hapo huyo mtu alikuwa anatumiwa pesa kwa kondakta wa basi kwenye bahasha. Msisahau tulikotoka. M-Pesa iliingia 2007, mambo yakabadilika.

#19 Kijana wa Katubuka
2007 ni Kenya, Machi. Kwetu ni 2008. Leo nimekukamata Takwimu.

#20 Takwimu Baridi
Umenikamata. Kunywa soda kwa gharama zako.

#21 Mnyamwezi wa Kaliua
Mwangaluka wana Kigoma. Nimepita kuwasalimia majirani wa mwisho wa reli.

Nyie mnalia noti. Sisi huku Tabora tunalia kitu kingine, mniambie kinaitwaje. Mimi ni mkulima wa tumbaku. Benki imenifikia tangu zamani, tena imenifikia mpaka jikoni. Pembejeo nakopeshwa kupitia AMCOS (chama chetu cha ushirika), mbolea ya mkopo, malipo yanapitia akaunti. Bei ilikuwa inapangwa kwa dola, analetwa mthamini, anashika jani, anataja daraja, belo linapita. Mimi nasimama pembeni kama mgeni kwenye harusi yangu.

Sasa sikieni. Mwaka mmoja nimevuna vizuri, mabani yote ya kukaushia yamejaa, deni langu limeisha na najua nabakiwa na kitu. Nikaenda kuangalia akaunti, imeingia nusu ya nilichotegemea. Nauliza, naambiwa chama kina deni. Kuna wenzetu waliuza tumbaku kwa njia ya panya, mikopo yao ikabaki, na tuliweka sahihi kudhaminiana. Mwenye kulima vizuri kamlipia aliyekimbia. Na baadaye ikaja kujulikana kwamba baadhi ya "wadaiwa" walikuwa majina ya watu ambao hata shamba hawana. Chama sikitaji, viongozi wale walishaondolewa.

Toka siku hiyo baba yangu mdogo hataki kusikia neno akaunti. Ananunua ng'ombe. Anasema ng'ombe akifa angalau unakula nyama.

#22 Debe Tupu
"Ng'ombe akifa angalau unakula nyama." Huyu mzee apewe ugavana wa Benki Kuu.

#23 Bwana Belo
#21 nakuunga mkono mimi nikiwa Urambo, ila niongeze upande wa pili, kwa haki tu. Bila kudhaminiana hakuna benki ingetukopesha mbolea. Mimi hati ya shamba sina, wewe huna, hakuna mwenye nayo. Dhamana yetu ilikuwa jirani. Jirani akiwa mwaminifu ni dhamana nzuri kuliko nyumba. Shida ni kwamba jirani nilimchagua mimi, yale majina hewa hakuyachagua jirani yeyote.

#24 Mnyamwezi wa Kaliua
Sikatai. Lakini nilipotoka kwenye AMCOS nikaenda tawini peke yangu kuomba mkopo, swali la kwanza: hati iko wapi? Nikasema nina miaka zaidi ya kumi tumbaku yangu inapita kwenye akaunti yenu, si mnaona? Akasema anaona, lakini fomu inataka hati.

#25 MamaMawese
Mwakeye. Mimi nasoma tu siku zote, leo nimeguswa.

Niko Mwandiga, nafanya mawese. Akaunti ya benki ninayo na kadi ninayo, iko kabatini. Pesa yangu iko kikoba. Tuko akina mama 25, sanduku la bati lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, halifunguliwi mpaka tukae wote. Tunanunua hisa kila wiki, tunakopeshana, kuna mfuko wa jamii wa misiba na uzazi, mwisho wa mwaka tunavunja, kila mtu anabeba chake.

Mnajiuliza kwa nini nisiweke benki? Nitawaambia ambalo hamtalikuta kwenye FinScope. Pesa iliyoko kwenye simu mume wangu anaijua, meseji inaingia "Umepokea" naye amelala hapo pembeni. Pesa iliyoko kikoba akiiomba namwambia "sanduku halifunguliwi mpaka Desemba". Na ni kweli halifunguliwi. Hata mimi mwenyewe nikitamani kitenge siwezi kuifikia. Ninyi mnataka pesa iwe karibu. Mimi nataka iwe mbali.

#26 Mgebuka Mkavu
Uzi ungeishia hapa ungekuwa umetosha. Dada umeongea.

#27 Reli ya Kati
Mke wangu yuko Mwandiga kwa wazazi wake. Naanza kuwa na mashaka.

#28 MamaMawese
Kaka Reli, Desemba sio mbali.

#29 Kijana wa Katubuka
Lakini mama, sanduku si linaibiwa? Siku hizi kuna vikoba vya kwenye simu. Mtandao mmoja na Benki ya Posta, ambayo sasa ni TCB, walileta M-Koba 2019: pesa ya kikundi inakaa kwenye simu na mtu mmoja hawezi kuitoa bila wenzake kuidhinisha. Ni zile kufuli tatu, ila hazioti kutu.

#30 MamaMawese
Tulijaribu mwanangu. Kati yetu 25, wenye simu zao wenyewe walikuwa 16. Wengine simu ni ya nyumba. Sasa ile kuidhinisha anaidhinisha nani, mimi au baba fulani? Tukarudi kwenye bati.

Ila kwenye wizi unasema kweli. Kikundi kimoja jirani sanduku lilibebwa zima, kufuli zote tatu zikiwa zimefungwa.

#31 Debe Tupu
Mwizi mwaminifu huyo, hakuvunja utaratibu.

#32 Afisa Mstaafu
Mama, hongera. Kikundi mmekisajili? Tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 na kanuni zake za 2019, vikundi kama vyenu viko daraja la nne na vinatakiwa kusajiliwa kupitia halmashauri.

#33 MamaMawese
Tumesajili mzee, shikamoo. Tulipanga foleni, tukapeleka katiba na majina na picha. Faida niliyoiona mpaka sasa ni cheti kimebandikwa ukutani. Ila nasikia bila hicho huwezi kuomba ile asilimia 10.

#34 Bwana Belo
Hiyo asilimia 10 ndio ipi? Hapa Urambo tulijaza fomu mpaka kalamu zikakauka, halafu 2023 tukaambiwa imesitishwa.

#35 Ngoma ya Kasulu
Ni mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 kwa sababu fedha zilikuwa hazirudi na vikundi vingine vilikuwa hewa, kama majina ya #21. 2024 ikarudishwa, na halmashauri kumi zikachaguliwa kujaribu kuipitishia benki. Manispaa ya Kigoma Ujiji ni mojawapo. Sisi wa Kasulu tulibaki kwenye utaratibu wa kamati.

#36 Kijana wa Katubuka
Kuwa mjini kuna faida zake.

#37 Ngoma ya Kasulu
Pamoja na faida ya kufundishwa na MamaMawese.

#38 Mjukuu wa Bibi
Mimi naomba niongelee bibi wa TASAF aliyetajwa pale juu, maana bibi yangu ni mmoja wao.

Zamani walikuwa wanalipwa mkononi, siku inatangazwa, wanakusanyika ofisi ya kijiji, wanahesabiwa mbele ya watu. Ilikuwa ni safari na jua na foleni, sikatai. Lakini kila mtu alikuwa anaona bibi kapewa kiasi gani. Sasa pesa inaingia kwenye simu. Bibi hasomi. Namba ya siri anaijua mjukuu, yaani mdogo wangu. Bibi alikuwa anamtuma akamtolee. Miezi sita baadaye tunakuja kugundua kijana alikuwa anamkata bibi kidogokidogo, na alikuwa amechukua mikopo ya kwenye simu kwa jina la bibi. Bibi ana deni la mkopo ambao hajui hata unaombwaje.

Namba ya siri kwa mtu asiyejua kusoma sio siri. Ni siri ya anayemsomea.

#39 Mgebuka Mkavu
Duh.

#40 Wakala wa Mwambao
#38 hili naliona kila siku. Kuna wazee wananitajia namba ya siri kwa sauti, watu kumi wamesimama. Nawaambia "mzee nong'ona", anasema "mwanangu mimi sina cha kuficha". Wengine wananipa simu kabisa. Hapo ndipo uwakala unakuwa mzigo wa dhamana. Nikiwa mtu mbaya nakimaliza kijiji kwa wiki moja.

#41 Debe Tupu
Umeshaanza na elfu moja kwa laki.

#42 Wakala wa Mwambao
Debe, siku ukipata kiu ziwani utanunua maji kwangu.

#43 Mwalimu wa Kibondo
Mmegusa mikopo ya simu, na mimi niseme ya kwetu watumishi. Kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba kali. Hapa kuna watu wanakaa na kadi za benki za walimu kwenye mfuko wa rambo, zimefungwa mpira, nyuma ya kila kadi imebandikwa namba ya siri. Mshahara ukiingia anazunguka na furushi la kadi, anatoa za wote, halafu anakugawia kilichobaki. Walimu tuna akaunti, tuna kadi, tuna tawi, tunajua kusoma. Bado kadi inalala kwa mtu.

Kwa hiyo wanaosema shida ni elimu, mimi nafundisha hesabu. Riba ile naijua kuikokotoa. Niliichukua huku naikokotoa.

#44 Takwimu Baridi
Kwa nini hukuchukua benki mwalimu? Sio kukusema, nataka kuelewa.

#45 Mwalimu wa Kibondo
Kwa sababu mkopo wa benki nilikuwa nao tayari, wa kujengea, na hauongezeki mpaka ufike nusu. Mama kaugua Ijumaa usiku. Benki inafunguliwa Jumatatu. Kausha damu alikuwa barazani kwake anacheza bao.

#46 Bwana Belo
Mwalimu pole sana. Bao limeniua.

#47 Takwimu Baridi
Na wale wa kwenye programu za simu ni ndugu zao. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni. Kabla ya hapo walikuwa wanachukua majina yote ya kwenye simu yako na kukutangaza kwa wakwe.

#48 Reli ya Kati
Mimi nadhani mnazunguka tu, chanzo cha yote ni makato. Kumbukeni tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021. Watu walirudi kwenye bahasha na makondakta. Hata walipopunguza asilimia 30 Septemba, imani ilikuwa imeshatoka. Mpaka leo mama yangu ukimtumia anauliza, "umeweka na ya kutolea?" Neno la kwanza hilo, salamu baadaye.

#49 Ngoma ya Kasulu
"Na ya kutolea" ingekuwa na kiti bungeni tungepona.

Lakini Reli, makato peke yake hayamwelezi MamaMawese. Kikoba chao riba ni kubwa kuliko makato yoyote, na bado wanakipenda. Maana ile riba mwisho wa mwaka inarudi kwao.

#50 Reli ya Kati
Na wewe habari zako za floti hazimwelezi Mnyamwezi wa Kaliua.

#51 Mnyamwezi wa Kaliua
Na mimi simwelezi mwalimu. Tunafanana na vipofu na tembo, tena tembo mwenyewe ana deni.

#52 Chumvi Uvinza
Nimesoma kurasa zote nikiwa kwenye basi, naomba nirudi kwa mleta mada maana mmemtelekeza na swali lake. Kaka, kijijini kwako si kuna maduka? Mwenye duka anakusanya noti kutwa nzima na lazima azipeleke mjini kununua mzigo. Mpe floti, akupe noti. Yeye anaagiza mzigo kwa simu bila kupanda boti na furushi, wewe unapata keshi. Huku Uvinza mawakala wengi ni wenye maduka kwa sababu hiyohiyo.

#53 Wakala wa Mwambao
Asante kwa kunikumbuka. Hilo nalifanya. Kuna maduka mawili na mama mmoja wa pombe, huyo ndiye benki kuu yangu kwa kweli, maana vijana wa kipe wakishalipwa noti zinakwenda kwake usiku uleule. Asubuhi nambembeleza.

Tatizo ni mwezi. Wakati wa giza wavuvi wanaingia ziwani na pesa inatembea: kutoka kwangu kwenda kwa vijana, kwa maduka, kwa mama pombe, inarudi kwangu. Ikiingia mbalamwezi hakuna kuvua, vijana wanakula kwa daftari dukani na dukani noti hakuna. Na siku hizohizo ndizo watoto wao wa mjini wanawatumia pesa ya kusukuma siku, kila mtu anakuja kutoa. Pale ndipo naumia.

Halafu 2024 ziwa lilifungwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, samaki wazaliane. Miezi mitatu mbalamwezi tupu. Wenye akiba walikuwa wachache mno. Nikawa nawaangalia vijana ambao wakati wa giza nilikuwa nawahesabia laki mbili, laki tatu kwa usiku mmoja, wanakuja kukopa elfu tano.

#54 MamaMawese
Hao vijana wangekuwa na sanduku.

#55 Wakala wa Mwambao
Mama, vijana wa kipe wanahama. Leo yuko kwangu, giza lijalo yuko kijiji kingine, mwezi wa tatu yuko upande wa Kongo. Sanduku linataka mtu anayekaa sehemu moja. Benki nayo inataka barua ya serikali ya kijiji. Hawa jamaa kijiji chao ni ziwa.

#56 Kijana wa Katubuka
Lakini simu si inahama nao?

#57 Wakala wa Mwambao
Inahama, mara nyingine inazama. Laini mpya inataka namba ya NIDA na alama za vidole, na vidole vya mtu aliyevuta kamba za wavu miaka kumi mashine havivioni. Mmoja tulimkamulia limau, tukamsugua na mchanga, mashine ikagoma vidole tisa. Cha kumi ikakubali, tukashangilia kama goli.

#58 Mgebuka Mkavu
Hahahaha cha kumi.

#59 Afisa Mstaafu
Nimerudi. Wakala, hiyo mashine ya benki uliyonayo, muulize aliyekupa kama tawi linaweza kukutengea keshi siku za giza, kwa barua ya maombi. Tangu mwongozo wa uwakala wa 2013 benki zinawahesabu kama mkono wao. Mkono nao unahitaji kulishwa.

#60 Wakala wa Mwambao
Nilishauliza mzee. Niliambiwa keshi ipo, nije niichukue.

#61 Debe Tupu
Nabadilisha hukumu yangu ya #2. Sio mwizi. Apunguze iwe 700.

#62 Bwana Belo
Mahakama ya rufaa imekaa.

#63 Mnyamwezi wa Kaliua
Mleta mada, nikija huko na asali ndoo mbili, samaki wenu mgebuka nitapata kwa bei gani? Tubadilishane mali kwa mali, tuache kusumbuana na noti.

#64 Wakala wa Mwambao
Karibu kaka wa Toronto, yaani Tabora. Mgebuka wapo, ila leo niko mjini, nimekuja kufuata keshi. Boti inaondoka kesho ikitulia pepo. Mwenye ujumbe wa mwambao aniletee stendi ya boti kabla ya jioni.

#65 Mgebuka Mkavu
Ile hela itume kwenye namba hii.

#66 Wakala wa Mwambao
Na ya kutolea?